Shajara ya mradi: nukta za anwani Pemba, na ramani ya mtandaoni isiyotulia

Januari

Daftari letu la anwani linawahudumia vijana wa bodaboda wanaopeleka dawa za sukari na presha majumbani kwa wazee wa wilaya za Chake Chake na Wete, pamoja na sehemu ndogo ya Mkoani. Kila mgonjwa ana mstari wake wenye namba ya siri badala ya jina, shehia (eneo dogo la utawala linaloongozwa na sheha), maelezo ya njia kwa maneno, na nukta moja ya latitudo na longitudo. Maelezo ya njia ni ya aina inayojulikana na kila mtu hapa: ukishapita msikiti wa Ijumaa ingia kulia penye mfenesi, kisha nyumba ya tatu, yenye baraza ya saruji. Nukta humsaidia zaidi kijana mgeni, na ndiyo inayotumika kukadiria muda wa safari. Muda huo una uzito kwetu, kwa kuwa insulini ambayo haijafunguliwa hutakiwa ikae kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 za Selsiasi, na kisanduku cha barafu kilichofungwa nyuma ya pikipiki hakiwezi kuzungushwa mchana kutwa nyumba ikitafutwa.

Kazi hii imeanza kwa malalamiko ya vijana wenyewe. Nyumba walizokuwa wakizifikia bila taabu, sasa simu inawapeleka pengine, ilhali hakuna mtu aliyefungua daftari na kubadilisha chochote. Tumefuatilia na tumeiona sababu. Mfumo tulioupokea kutoka kwa waliotutangulia ulikuwa na skripti (programu ndogo inayojiendesha) inayoamka kila usiku, ikauliza upya huduma ya ramani kuhusu kila anwani, na kuandika jibu jipya juu ya la zamani. Kila mtu aliyeihariri ramani popote duniani alikuwa na uwezo wa kuusogeza mlango wa mgonjwa wetu wa Ole au Pujini bila ya sisi kujua. Skripti imesimamishwa leo. Nukta zote zimenakiliwa kama zilivyo, na kuanzia sasa nukta mpya huongezwa mstari wake, wala haifuti iliyoitangulia.

Februari

Mwezi huu tumejaribu kujua kila nukta ilitoka wapi, na hapa ndipo ugumu wote ulipo. Baadhi zilichukuliwa na simu ya kijana akiwa amesimama mlangoni. Nyingine zilipatikana kwa kuandika jina la skuli, msikiti au kituo cha afya kilicho jirani kwenye huduma ya kutafuta anwani, na jibu likachukuliwa kuwa ndiyo nyumba. Nyingine tena zilitoka kwenye orodha ya zamani tuliyopewa na ofisi moja, na kuna zile ambazo skripti, ilipokosa jina la jirani, ilirudi kwenye jina la kijiji na kuweka katikati ya kijiji. Zote zilikaa katika safu moja, zote zikiwa na tarakimu sita baada ya nukta ya desimali, na hakuna alama yoyote inayozitenga.

Tarakimu hizo sita zinastahili maelezo, kwa sababu ndizo zinazowapa watu imani isiyo na msingi. Kwenye latitudo zetu digrii moja ni karibu kilomita 110.6, kwa hiyo tarakimu ya nne ya desimali ni kama mita 11, ya tano ni kama mita 1.1, na ya sita ni kama sentimita 11. Simu ya kawaida chini ya uwazi wa mbingu hupata mahali pake kwa kosa la mita 5 hivi, na chini ya mikarafuu na minazi iliyosongamana kosa huwa kubwa zaidi. Tarakimu ya sita, basi, haisemi lolote kuhusu mlango wa mtu. Nukta ya katikati ya kijiji, ambayo inaweza kuwa nusu kilomita kutoka kwa mgonjwa, huonekana kwenye jedwali sawasawa na ile iliyochukuliwa kizingitini.

Tumeongeza safu kwa ajili hiyo: njia iliyotumika kuipata nukta, chanzo, tarehe, aina na namba ya kitu kwenye ramani ikiwa kilitumika, toleo la kitu hicho siku tulipokisoma, kadirio la kosa kwa mita, na nani aliyethibitisha. Safu ya kadirio la kosa ndiyo ninayoithamini kuliko zote, kwa kuwa inamwambia kijana kama aiamini simu au aanze na maelezo ya njia.

Kuhusu chanzo, tumebaki na OpenStreetMap, ramani huria ya dunia ambayo mtu yeyote anaweza kuihariri. Leseni yake ya ODbL (leseni huria ya kanzidata), inayotumika tangu 2012, inaturuhusu kuihifadhi data kwa sharti la kuwataja wachangiaji wake na kuitoa kwa leseni hiyo hiyo kanzidata tutakayoijenga juu yake pale tutakapoitangaza kwa umma. Masharti ya Google ni ya namna nyingine: koordineti zake haziruhusiwi kuhifadhiwa zaidi ya siku 30, bali kitambulisho cha mahali, yaani msimbo ambao Google hupatia mahali hapo, kinaweza kuwekwa bila ukomo, na Google yenyewe inashauri kuvihuisha vitambulisho vilivyopita miezi 12. Shauri hilo la Google linafaa kuzingatiwa hata na asiyetumia huduma yake, kwa maana linaonyesha kwamba hata kitambulisho huzeeka.

Nominatim, ambayo ndiyo huduma ya kutafuta anwani juu ya OpenStreetMap, hutoa namba mbili ambazo ni rahisi kuchanganya. Moja ni ya ndani ya seva yake, na inaweza kuwa tofauti kwenye seva nyingine au baada ya data kupakiwa upya. Ya pili ni namba ya kitu chenyewe kwenye OpenStreetMap, pamoja na aina yake, yaani kama ni nodi (nukta moja), njia (mstari au mpaka wa eneo) au uhusiano (kundi la vitu). Mfumo tulioupokea ulikuwa umehifadhi ile ya kwanza. Tumeanza kuibadilisha.

Machi

Tumeacha kuuliza huduma ya umma ya Nominatim kwa kila anwani. Kanuni zake zinaruhusu ombi moja tu kwa sekunde na hazipendelei maombi mengi kwa mkupuo, na zaidi ya hapo si vyema maswali kuhusu makazi ya wagonjwa yatoke kwenye ofisi yetu kwenda seva ya mtu mwingine. Sasa tunapakua data ya Tanzania nzima kutoka Geofabrik, tovuti inayotoa data ya OpenStreetMap nchi kwa nchi, ambayo huhuishwa kila siku, tunakata kipande cha Pemba, na ulinganishi wa zamani na mpya unafanyika ndani ya kompyuta yetu wenyewe.

Ulinganishi wa kwanza umetufundisha mengi, na ninaandika kwa kirefu kisa cha skuli moja ya mashariki ya Chake, kwa kuwa visa vingi vinafanana nacho. Skuli hiyo ilikuwa kwenye ramani kama nodi moja, iliyowekwa karibu na geti, upande wa barabara. Mchangiaji mmoja, kwa nia njema kabisa na kwa kazi nzuri, alichora mpaka wa eneo lote la skuli pamoja na kiwanja cha mpira, akahamishia jina kwenye mchoro huo na kuifuta nodi. Kwa ramani haya ni maendeleo, kwani skuli ni eneo. Lakini huduma ya kutafuta inapoulizwa kuhusu eneo hujibu kwa nukta ya katikati yake, na katikati ya eneo lile ni karibu na goli la upande wa pili, chini kwenye mteremko. Kwa kipimo cha mstari ulionyooka nukta imesogea chini ya mita 100. Kwa pikipiki ni habari nyingine, kwa sababu baada ya kiwanja kuna bonde la mpunga, na njia ya gari iliyo karibu zaidi na nukta mpya ni ile ya ng'ambo ya bonde. Simu ilimzungusha kijana mpaka ng'ambo, akasimama akiiona nyumba ya mgonjwa juu ya kilima, na baina yao maji na mpunga.

Skuli yenyewe haijasogea hata hatua moja. Kilichobadilika ni namna ya kuichora. Kwa hiyo, kwa kila tofauti tunayoiona, swali la kwanza sasa ni kama mahali pamebadilika au ramani ndiyo iliyobadilika, na swali hilo halijibiwi kwa kuangalia umbali peke yake.

Historia ya kitu kwenye OpenStreetMap husaidia sana. Kila kitu kina namba ya toleo inayoanzia 1, namba ya kitu kilichofutwa haipewi kingine, na ukiiuliza seva kuhusu nodi iliyofutwa hujibu kwa msimbo 410, wenye maana kwamba kilikuwepo na kimeondolewa, tofauti na 404 ambao husema kitu hicho hakijulikani. Skripti yetu mpya ikikutana na 410 haitafuti mbadala kimyakimya. Inaweka alama, na mtu anaketi kuisoma historia.

Jambo jingine la kuangalia ni mwelekeo. Kitu kimoja kikisogea peke yake, kuna mtu aliyekihariri au kimehama kweli. Mtaa mzima ukisogea pamoja kwa umbali ule ule na upande ule ule, sababu karibu kila mara ni picha iliyotumika kuchorea. Picha za setilaiti zinaweza kukaa pembeni mwa mahali pake halisi kwa mita kadhaa, na nyumba zilizochorwa juu yake hurithi kosa hilo. Zanzibar ina bahati katika hili. Tangu 2016, Kamisheni ya Ardhi pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar na washirika wao walirusha droni juu ya visiwa hivi na kupata picha ambazo kila pikseli yake ni sentimita chache za ardhi. Mchangiaji anayenyoosha mtaa kwa kufuata picha hizo anaiboresha ramani, na mabadiliko ya namna hiyo tunayakubali kwa mtaa mzima kwa pamoja. Kukubali nyumba moja moja kungeacha majirani wawili wakiwa kwenye vipimo viwili.

Aprili

Masika yamekaza na njia nyingi za ndani hazipitiki, kwa hiyo hakuna uthibitishaji wa uwandani. Tumeutumia muda huu kwa ukaguzi wa mezani.

Tumeweka kizuizi cha mipaka: nukta yoyote ya daftari hili sharti iwe na latitudo baina ya -4.8 na -5.5 na longitudo baina ya 39.5 na 39.95. Ni ukaguzi mdogo sana wenye faida kubwa. Ukipoteza alama ya kutoa, mtu wa Chake Chake anahamia kusini mwa Ethiopia. Ukigeuza mpangilio wa namba mbili, anahamia Hispania. Kugeuza ni rahisi kwa sababu watu husema latitudo kwanza, na faili za GeoJSON (muundo wa kuhifadhia data ya ramani) huandika longitudo kwanza, na mstari unaotoka kwenye programu moja kwenda nyingine hupita bila kulalamika.

Kizuizi hicho kimenasa pia majina yanayofanana. Chwaka ipo Unguja, pwani ya mashariki, na Chwaka ipo Pemba, karibu na Tumbe, na baina yao ni zaidi ya kilomita 100 na bahari. Mtu alipoongeza maelezo zaidi kwenye Chwaka ya Unguja, utafutaji wa jina peke yake ulianza kuitanguliza hiyo. Tangu sasa hakuna jina linalotafutwa bila wilaya yake.

Mei

Ile orodha ya zamani ya ofisi imetoa siri yake. Nukta zake zote ziko kaskazini na kidogo magharibi ya mahali panapostahili, kwa kiasi cha mita 270 hivi, na zote kwa mwelekeo mmoja. Kwa waliofanya kazi na ramani za upimaji za Afrika Mashariki hii ni sura wanayoifahamu: orodha ilisomwa kutoka ramani za Arc 1960, mfumo wa zamani wa eneo hili wa kupimia latitudo na longitudo, na baadaye ikaingizwa kwenye kompyuta kana kwamba ni WGS84, ambao ndio mfumo wa GPS na wa ramani za mtandaoni. Namba ni sahihi ndani ya mfumo wake. Aliyeziingiza hakuandika mfumo.

Inapasa kusisitiza kwamba orodha hii haikupaswa kutupwa. Tumezigeuza nukta kwa vigezo vinavyojulikana vya kutoka Arc 1960 kwenda WGS84 kwa Kenya na Tanzania, na misikiti na skuli zimeangukia juu ya mapaa yake kwenye picha za droni. Kazi ya watu waliopima kwa miguu miaka ile ni njema kuliko nukta nyingi zilizotoka mtandaoni juzi. Safu mpya ya mfumo wa rejea imeongezwa, na haikubali kuachwa tupu.

Mfumo wa usiku, kabla hatujausimamisha, ulikuwa umeshazihuisha baadhi ya nukta hizi kutoka kwenye ramani na kuziacha nyingine. Ndiyo maana katika shehia moja wagonjwa wawili wa ukuta mmoja walikuwa wakionekana kuachana kwa mita 270 hivi. Nakala za akiba za kila mwezi zimetuwezesha kuzitenganisha.

Juni

Njia zimekauka na tumetoka. Utaratibu ni kwamba kijana hafiki shehia bila kumpitia sheha kwanza, kwa adabu na kwa manufaa, kwani sheha anajua nani amehama, nani amejenga, na njia gani imefungwa.

Upande wa Wete tulikwenda kuthibitisha nukta iliyofungwa kwenye kituo kidogo cha afya. Kwenye ramani kitu hicho kilikuwa kimepanda toleo, nasi tukadhani kimesogezwa, lakini historia ilionyesha kwamba mtu aliongeza saa za kufungua tu na mahali hapakuguswa. Kwa kipimo cha skripti hapakuwa na la kufanya. Tulipomuuliza sheha alisema, "Kituo kishahama hapa, mwanangu, tangu kabla ya Ramadhani. Kiko barabarani sasa, jengo jipya." Tulikwenda naye. Jengo la zamani limefungwa kwa kufuli, kibao kimeng'olewa na misumari yake imebaki ukutani, na wagonjwa wetu wawili walioelekezwa kwa "nyumba ya nyuma ya kituo" wapo pale pale walipokuwa, nyuma ya jengo lililofungwa.

Kisa hiki kimebadilisha mpango wa mradi kuliko vingine vyote. Ulinganishi wetu wa data huona ramani inapobadilika. Hauna njia ya kuona mahali panapobadilika huku ramani ikiwa imenyamaza, na kimya hicho ni cha hatari zaidi, kwa sababu mstari ulionyamaza huonekana mzima. Lau mchangiaji angekihamisha kituo kwenye ramani kwa usahihi kabisa, mfumo wa zamani ungewahamisha wagonjwa wawili hadi barabarani pamoja nacho. Kwa hiyo nukta ya nyumba haifungwi tena kwenye alama ya jirani, kama kituo, skuli au msikiti. Alama inabaki kwenye maelezo ya njia, na nyumba inabaki na nukta yake iliyochukuliwa mlangoni, pamoja na namba ya nyumba pale kibao cha anwani za makazi kilipobandikwa.

Daraja la kuaminika limeandikwa rasmi. Nukta iliyochukuliwa mlangoni na kukubaliwa na mwenye nyumba au sheha haiguswi na ramani kamwe. Ramani ikitofautiana nayo, tofauti inaandikwa pembeni tu. Nukta ya orodha ya zamani iliyogeuzwa mfumo na kukaa juu ya paa kwenye picha inafuata. Nukta ya jengo kwenye OpenStreetMap inafuata, kisha ya alama ya jirani, na mwisho katikati ya kijiji, ambayo hairuhusiwi kumpeleka kijana kabla hajampigia simu mwenye nyumba. Umri nao huhesabiwa: nukta ya mlangoni iliyopita mwaka bila dawa kufikishwa pale huulizwa tena kwa sheha. Dawa ikifika salama, tarehe ya uthibitisho husogea mbele yenyewe, na hivyo kazi ya kila siku ya vijana imekuwa ndiyo ukaguzi wetu mkubwa.

Julai

Data hupakuliwa na kulinganishwa mara moja kwa mwezi. Tofauti iliyo ndani ya kadirio la kosa la nukta yenyewe haionyeshwi, kwa maana kuishughulikia ni kufukuza kelele za vipimo. Tofauti kubwa zaidi inakwenda kwa mtu, na mtu huyo huona pamoja nukta ya zamani, mpya, picha ya droni na njia ya pikipiki kwa kila moja, kwa sababu ya lile bonde la mpunga.

Tumeanza pia kuirudishia ramani. Kituo cha Wete kimehamishwa kwenye OpenStreetMap na mahali pa zamani pameandikwa kuwa pamefungwa, na geti la ile skuli ya Chake limewekwa kama mlango kwenye mpaka wake, ili huduma za kuonyesha njia zipate pa kufikia. Nyumba za wagonjwa hatuziweki, wala chochote kinachoweza kumtambulisha mgonjwa, na hatunakili kutoka ramani nyingine yenye masharti tofauti.

Msimu wa karafuu unakuja, na baadhi ya familia huhamia kambini na wazee wao. Kwa hao tumeweka nukta ya muda yenye tarehe ya kumalizika, ambayo haifuti ya nyumbani.

Lililobaki ni shehia zilizogawanywa. Jina la shehia kwenye daftari linatokana na mgonjwa alivyosema, na lile la ramani linatokana na mpaka uliochorwa na mtu, na pale shehia ilipogawanywa hayo mawili hayakubaliani. Kwa sasa tunayahifadhi yote mawili katika safu mbili, la mgonjwa likitangulia kwa kuwa ndilo kijana atakaloulizia njiani. Masheha wa pande zinazohusika wameombwa watuonyeshe mpaka kwa miguu. Mpaka hapo nukta za maeneo hayo zinabaki na alama ya kutothibitishwa, na kijana hupiga simu kwa mwenye nyumba kabla ya kuondoka dukani na kisanduku.